Bibi wa Udongo Alivyoona Haya

"Kwa hiyo kazi yangu ni mchezo wa watoto," Udongo aliniambia, wala hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

"Amesema," Spika akadakia, mdomo umejaa karanga. "'Tumeshakuwa watu wazima, tuache kuchezea udongo.' Maneno hayo hayo. Nitaapa popote."

Nilimkata Spika jicho, yeye akaendelea kutafuna kana kwamba yuko kwenye sherehe.

Kundi letu la mradi wa mwisho lilikuwa la watu watatu, na kila mmoja alikuwa na jina alilobandikwa chuoni. Mimi ni Kapteni, kwa sababu napenda kupanga ratiba na kuwapanga watu ndani yake. Spika ndiye binti wetu wa sauti, na jina lile lingemfaa hata kama angesomea upishi. Udongo aliitwa hivyo kwa kuwa kucha zake hazijawahi kutakata tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa akifinyanga wanasesere wa udongo laini juu ya mifupa ya waya, anawasogeza kidogo, anapiga picha, anawasogeza tena, anapiga tena, mpaka picha zikipitishwa kwa kasi mwanasesere anatembea, anacheka na kulia. Mimi mambo hayo hayo niliyafanya kwa kompyuta, mikono misafi, nimekaa kwenye kiti chenye mto.

Sasa ilitubidi tumpelekee Mwalimu jibu moja: filamu yetu fupi ya katuni tutaitengeneza kwa mbinu gani, na kwa programu ipi. Hadithi yenyewe hatukuigombania. Bibi anafungua mlango na kumkuta mjukuu aliyepotea zamani, basi.

"Programu yangu ni ya bure na ni nyepesi," nilisema. "Hata kompyuta ya Spika inaiweza. Tunagawana vipande, kila mtu anafanyia kwao, tunatumiana mafaili. Tunakutana mara moja kwa wiki kuunganisha."

"Mara moja kwa wiki," Udongo akarudia.

"Inatosha. Wanasesere wanataka watu wawili wajifungie chumba kimoja muhula mzima, mmoja anasogeza, mwingine anapiga picha."

"Najua wanachotaka, Kapteni."

Alisema hivyo akitazama dirishani, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Maana ugomvi wetu wote ulikuwa hapo, na sote watatu tulijua. Nikishinda mimi, nitakuwa namwona Udongo mara moja kwa wiki, na Spika na karanga zake katikati yetu. Akishinda yeye, tutakuwa pamoja kila siku mpaka tuage chuo. Na mimi, niliyempenda mtu yule hadi nikawa najua amepita kwa mlio wa viatu vyake, nilikuwa nahangaika usiku na mchana ili nishinde.

Usinione sina akili. Humjui shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea, na mpaka leo ananiita mwanangu. Ni fundi cherehani. Kazi yake anaifanyia sebuleni, na mashauri yote ya nyumba hukatwa pale pale, cherehani ikinguruma. Nilipojaribu kumweleza habari za wanasesere, alinisikiliza kwa utulivu ambao ningepaswa kuushtukia mapema.

"Chumba hicho kina dirisha?"

"Linazibwa, Shangazi. Mwanga wa jua unabadilika badilika, unaharibu picha."

"Linazibwa na nini?"

"Mapazia meusi."

"Na mlango?"

"Unafungwa."

Cherehani ikanyamaza. "Dirisha limezibwa, mlango umefungwa, wewe na kijana wa watu ndani, muhula mzima. Na hiyo ndiyo elimu."

"Kuna taa mbili, Shangazi."

"Taa mbili! Basi nimetulia." Akavua miwani, na aliposema tena hakuwa akinidhihaki. "Mwanangu, baba yako aliniachia mtu, hakuniachia kitambaa kwamba nikikosea nitakata kingine. Fanya hiyo ya kompyuta, ifanyie hapa nikuone."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Nilimjibu ndiyo. Kesho yake nikaenda chuoni kupigania kompyuta kufa na kupona, na hapo ndipo yale maneno ya kuchezea udongo yaliponitoka. Nilimkera Udongo kwa sababu nilikuwa naogopa, na sikuwa na namna ya kumwambia naogopa nini.

Mwalimu alichoka na mabishano yetu. Alisema kila upande ulete jaribio la kipande kimoja, kile cha bibi kufungua mlango, kumwona mgeni na kutabasamu. Tutayatazama kwa pamoja, tupige kura, yaishe.

La kwangu nililimaliza sebuleni kwa Shangazi. La Udongo lilihitaji mtu wa kubonyeza kitufe cha kamera. Spika alikuwa ameahidi kumsaidia, lakini siku yenyewe jino likamuuma, au alisema linamuuma. "Nenda wewe," aliniambia kwenye simu, akitamka kila neno vizuri sana kwa mgonjwa wa jino.

Nikaenda mchana kweupe, nimevaa gauni jekundu alilonishonea Shangazi, jipya, halijaingia maji. Nilijiambia kwamba nguo zangu nyingine zote ni chafu. Nilikuwa nimezifua jana yake.

Udongo alipofungua mlango na kunikuta mimi, alisahau hata kunikaribisha. Macho yake yalishuka kwenye gauni, yakarudi usoni pangu, yakakimbilia kwenye kamera na kubaki huko.

"Spika anaumwa jino," nikasema.

"Pole yake."

"Nimekuja kupiga picha. Ila kama unaona mtu wa kompyuta atakuharibia kazi..."

"Ingia, Kapteni. Funga mlango, mwanga usiingie."

Kilikuwa chumba kidogo chenye meza moja iliyokazwa sakafuni kwa skrubu. Juu yake palikuwa na nyumba ya maboksi, na mlangoni amesimama bibi, mrefu kama kiganja changu, na uso ambao ulinifanya nitake kumwamkia. Makoti mawili meusi yalitundikwa nyuma ya mlango. Udongo alivaa moja, sikuuliza la pili ni la nani. Akanipa rimoti ndogo ya kamera yenye waya mrefu.

"Nikisema piga, bonyeza. Simama popote unapoona vizuri."

Tukaanza. Alisogeza kope za bibi kwa ncha ya sindano, akarudi nyuma, akasema piga. Nikabonyeza. Akainua kidevu kiasi ambacho macho yangu hayakukiona, akasema piga. Na katikati alikuwa akinong'ona, "Haya bibi, inua uso. Usiogope, ni mgeni wako."

"Unaongea naye siku zote?"

"Nisipoongea naye ananuna."

"Anakujibu?"

"Siku nyingine. Leo hana muda na mimi."

Nilisogea nione anavyofanya. Kisha nikaona nimekaribia mno, nikarudi kwenye kompyuta yake kujifanya natazama picha. Nikasogea tena. Vidole vile vilivyozoea kuchafuka vilikuwa na upole ambao sikuwahi kuuona kwa mtu mwenye vidole visafi, na niliutazama mpaka nikasahau kubonyeza.

"Piga," akarudia, akitabasamu bila kugeuka.

"Udongo, yale maneno ya mchezo wa watoto. Sikuyakusudia."

"Uliyakusudia kidogo."

"Kidogo."

Akacheka, na kifua changu kikapata nafasi. "Basi kwa nini unang'ang'ania kompyuta?"

"Kazi inakwenda haraka."

"Haraka kwenda wapi?"

Nikajifanya nakunjua waya wa rimoti. Akaenda kwenye kompyuta kukagua picha, na hapo nikaona amekunja uso. Alizirudisha nyuma, akazipeleka mbele. Akanitazama mimi, akautazama mlango, akafungua kinywa.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema. "Endelea kusimama hapo hapo."

Mpaka bibi anamaliza kutabasamu, nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Udongo, wala sikumbuki nilifikaje.

Siku ya kura tulikusanyika ofisini kwa Mwalimu, mapazia yamevutwa, na Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anawasha skrini tuliposikia hodi. Sauti ile ningeitambua hata nikiwa usingizini. Shangazi aliingia na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akapokea shikamoo za kila mtu, akachagua kiti chenye mgongo.

"Nimesikia leo mnaamua," alimwambia Mwalimu. "Huyu ni mwanangu. Nimekuja kuona kinachoamuliwa."

Mwalimu ni mtu mzima, anajua vita gani haifai kuanzisha. "Karibu sana, Mama," akasema.

Jaribio langu likatangulia. Bibi wa kompyuta alifungua mlango vizuri, akainua uso vizuri, akatabasamu vizuri. Lilipokwisha Mwalimu akasema, "Safi," na Spika akasema, "Safi," na mimi mwenyewe nikasikia jinsi neno lile lilivyo dogo.

Kisha likaja la Udongo. Mlango ukafunguka. Bibi akachungulia, na wekundu hafifu ukampanda mashavuni, ukashuka. Akainua uso, ukapanda tena, ukasita, ukashuka. Kadiri alivyozidi kumtambua mgeni ndivyo ulivyorudi kwa nguvu, na alipotabasamu, uso wote ulikuwa umeiva, na wekundu ule haukuondoka tena.

"Ameona haya," Shangazi akasema polepole. "Tazama, maskini. Amefurahi mpaka ameona haya."

"Ni kosa la mwanga," Mwalimu akasema. Akarudisha picha na kuigandisha. "Kuna mtu alisimama karibu na meza amevaa nyekundu. Taa inapiga nguo, nguo inarudisha rangi yake usoni kwa mwanasesere. Akisogea rangi inapanda, akirudi nyuma inashuka. Ndiyo maana tunavaa makoti meusi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kila hatua niliyopiga kumfuata Udongo siku ile, kusogea kwangu, kurudi kwangu na kusogea tena, ilikuwa pale usoni kwa bibi, mbele ya Mwalimu na mbele ya shangazi yangu.

"Ngoja kwanza!" Spika akaruka kwenye kiti, jino limepona kabisa. "Mimi muhula uliopita alinifukuza chumbani kwa sababu ya fulana nyeupe! Fulana tu! Alinifokea mpaka nikalia!"

"Hukulia," Udongo akasema.

"Nililia moyoni!"

Mwalimu akamgeukia. "Hukuona wakati unapiga?"

"Niliona, Mwalimu."

"Lini?"

"Katikati ya kazi."

"Na koti la pili lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Sasa kwa nini hukumpa?"

Udongo alizitazama kucha zake. Masikio yalikuwa yamemwiva, na yeye hakuwa na nguo ya kusingizia. "Ningempa angelivaa," akasema. "Au angesogea mbali. Sikutaka kati ya hayo hata moja."

Hakuna aliyecheka, hata Spika. Sikuthubutu kumtazama Shangazi.

Mwalimu akakohoa. "Tupige kura. Na sababu za moyo ziacheni nje, mimi natoa alama za kazi. Udongo?"

"Kompyuta."

Nikageuka ghafla. "Nini?"

"Kapteni anahitajika kwao mapema," alimwambia Mwalimu, kana kwamba sipo. "Spika amenieleza. Sitaki mbinu itakayomgombanisha na nyumbani. Nitajifunza programu yake."

Spika, niliyemweleza mambo ya Shangazi kwa siri, akawa anaichunguza dari.

Mtu aliyekuwa tayari kuacha kitu pekee anachokipenda kazini, ili mimi nisigombezwe sebuleni. Zamu yangu ilikuwa imefika, nikapiga moyo konde.

"Wanasesere," nikasema. "Bibi yangu alifungua mlango lakini hakufurahi kumwona mtu. Wa Udongo alifurahi. Filamu nzima ni hiyo furaha, tukiikosa hatuna filamu. Midomo ya kuongea nitaichora mimi kwa kompyuta na kuibandika juu ya picha, maana tukifinyanga mdomo kwa kila neno tutazeekea humo. Na wekundu tutautia kwa makusudi, kwa taa."

Mwalimu akaandika kitu. "Hiyo sasa ni sababu. Spika?"

"Mimi nimechoka," Spika akasema. "Kila mmoja ameng'ang'ania cha mwenzake. Wanasesere. Na nisisikie tena habari za fulana."

"Mimi sijaulizwa," Shangazi akasema.

Akasimama, akadai kuonyeshwa chumba. Tukaongozana naye ukumbini kama watu wanaokwenda kusomewa hukumu. Alikikagua chote, akavuta pazia, akapima mshono wake kwa kidole na kuguna, akainama kumtazama bibi ana kwa ana. Kisha akamgeukia Udongo.

"Nitaleta cherehani yangu, nikae kona ile. Nitashona, nyinyi mtafanya yenu. Sote tutaridhika."

Nilimwomba Udongo kwa macho akubali. Ilikuwa rahisi mno, neno moja tu na tumepona. Akatikisa kichwa.

"Haitawezekana, Mama."

"Umesemaje?"

"Cherehani itatetemesha sakafu. Bibi atakuwa anatetemeka kwenye kila picha, kama mgonjwa. Ukija mwenyewe karibu, siku yoyote, bila kutuambia. Cherehani hapana."

Shangazi alimtazama sana. Nawajua wateja watu wazima waliokimbia mtazamo ule wakaacha na vitambaa vyao. Udongo hakurudi nyuma, wala hakulifuta neno lake.

"Unampenda mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Umemwambia?"

"Bado. Nilikuwa nasubiri tumalize kugombana."

Shangazi akajifunika mdomo kwa futi yake, na mabega yakamcheza. "Mtu amenikatalia cherehani yangu usoni pangu," alisema alipoweza. "Angenikubalia kila kitu ningeondoka na huyu mtoto sasa hivi. Sikiliza, kijana. Jua halijazama, awe kwangu. Utamleta wewe, na usiishie barabarani. Uingie, ukae, nikuone ulivyo ukiwa umekaa."

"Ndiyo, Mama."

Alinipita akanishika shavu, mkono wake ukakawia hapo kidogo kuliko kawaida, na nikaelewa kwamba amenipa kitu ambacho hakikuwa chepesi kukitoa. Kisha akaondoka, akimwuliza Spika kama jino limepoa. Mlango aliuacha wazi, ukagota ukutani.

Tukabaki wawili. Udongo alimbandua bibi mezani akamweka kiganjani, akawa anamlainisha bega ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Kapteni. Ile sababu uliyompa Mwalimu ni nzuri. Lakini ulipigania kompyuta kwa wiki nzima. Kwa nini umebadilika?"

Ningeweza kupanga maneno. Kupanga ndiyo kazi yangu. Lakini nilimtazama usoni na mipango yote ikanitoroka.

"Kwa sababu kompyuta ningeifanyia nyumbani," nikasema, "na nyumbani wewe hupo. Nakupenda, Udongo. Nimechoka kukuona mara moja kwa wiki hata kabla haijaanza."

Alinitazama tu, na macho yake yakasema yote mpaka nikalazimika kuyakwepa. Nikatazama chini, na hapo ndipo nilipoona kiganja chake. Kilikuwa kimejifumba. Udongo ulikuwa ukichomoza kati ya vidole, na waya wa mguu mmoja umeelekea juu.

Akakifungua taratibu. Bibi hakuwa na pua wala kidevu, na tabasamu lake lilikuwa limehamia karibu na sikio.

"Nimemwua," akasema, ameduwaa.

"Anatengenezeka?"

"Hapana. Itabidi tuanze upya, kuanzia kwenye waya." Akaninyooshea kile kiganja kilichochafuka, kisha akataka kukirudisha akikumbuka hali yake. Nikakidaka kabla hakijafika mbali, kama kilivyo, na vidole vyangu visafi vikazama ndani yake.

"Nionyeshe pa kuanzia," nikamwambia.